Unalipia Hewa: Jinsi ya Kupunguza Gharama ya Kutuma Mzigo Nje ya Nchi

Kikapu changu cha kwanza kwenda Ujerumani kilikuwa na uzito wa kilo moja na robo. Nililipia kilo kumi na nane. Nilidhani kijana wa kaunta amekosea kubonyeza, nikamwomba apime upya. Akapima upya, safari hii si kwa mizani bali kwa tepu: urefu, upana, kimo. Akazidisha, akagawa, akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee. Kumi na nane. Kikapu nilikuwa nimekitia kwenye boksi kubwa nililookota duka la vifaa vya umeme, nikajaza magazeti pembeni kisiumie, kana kwamba kikapu cha milulu ni sahani ya kioo. Mteja alikuwa ameshalipa nauli niliyoikadiria kwa kilo mbili. Tofauti ilitoka mfukoni mwangu, na faida ya vikapu sita ikaondoka nayo.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye kama nilivyokuwa siku ile. Unauza Instagram, WhatsApp au kwenye soko la mtandaoni, huna ghala, huna mkataba na kampuni yoyote, mzigo unaufungia sebuleni watoto wakiruka juu ya seloteipu. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakotumia mizigo, ila hesabu ni zilezile ukiwa Nairobi, Kampala au Bujumbura. Wengi wetu tukiona nauli kubwa tunaanza kubembeleza bei kaunta. Kaunta ni mahali pa mwisho pa kuokoa pesa. Nyingi zimeshapotea mezani kwako.

Hatua ya 1: Nunua mizani ya jikoni na futi ya fundi cherehani

Kampuni kubwa za kurieri, kama DHL, FedEx na UPS, hutoza kile kilicho kikubwa kati ya viwili: uzito halisi na uzito wa ujazo. Uzito wa ujazo unapatikana hivi: zidisha urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 5,000. Jibu ni kilo. Boksi langu lilikuwa 50 kwa 45 kwa 40. Hiyo ni 90,000. Gawa kwa 5,000, unapata 18. Mizani ilisema kilo moja na robo, lakini mizani haikuulizwa.

Mantiki yake si ya wizi, hata kama siku ile niliona hivyo. Ndege hujaa nafasi kabla ya kujaa uzito. Boksi lenye hewa linamnyima nafasi mtu mwenye boksi la vitabu.

Pima kila bidhaa yako mara moja, ikiwa imeshafungwa, uandike kwenye daftari: uzito halisi, vipimo vitatu, uzito wa ujazo. Pima pale palipotuna zaidi. Boksi likivimba katikati kwa sentimita mbili, mashine itasoma uvimbe, haitasoma kona. Na kumbuka kurieri hupandisha hadi nusu kilo inayofuata: kilo 3.1 ni kilo 3.5. Mara nyingi kukata sentimita moja ya kimo kunakurudisha ngazi moja chini.

Hatua ya 2: Badili umbo la bidhaa kabla ya kubadili kampuni

Hapa ndipo mahali pa kukaa muda mrefu, kwa sababu hapahitaji ruhusa ya mtu.

Anza na boksi. Boksi la kuokota halikutengenezwa kwa ajili ya bidhaa yako. Kata pembe zake kwa kisu, lipunguze kimo, likunje upya. Kikapu kilekile cha kwanza nilipokitia kwenye boksi la 40 kwa 40 kwa 30 kilishuka kutoka kilo 18 hadi 9.6, yaani kilo 10 za kulipia. Sikumwomba mtu punguzo lolote.

Halafu itazame bidhaa yenyewe. Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu ni vigumu kidogo na havipendi kukunjwa kwa nguvu, lakini vinapachikana. Kikubwa kinameza cha kati, cha kati kinameza kidogo. Boksi la kilo 10 za ujazo linabeba vitatu kwa nauli ya kimoja. Ndiyo maana siku hizi siuzi kikapu kimoja kimoja kwa mteja wa Ulaya. Nauza seti ya vitatu, na nauli ya kila kikapu inakuwa theluthi. Kiondo cha katani kina tabia nyingine: kinalala. Kilaze, kunja mikanda ya ngozi kwa ndani, kisha kitie kwenye mfuko badala ya boksi. Kipimo cha 40 kwa 35 kwa 10 ni kilo 2.8 tu za ujazo. Mpe mteja maelezo mafupi ya namna ya kukirudishia umbo, na picha mbili.

Wanaouza picha za Tingatinga wana bahati, ilimradi wasiziwambe kwenye fremu. Picha yenye fremu ya 60 kwa 60, unene sentimita 6 pamoja na kinga, ni kilo 4.32 za ujazo, inalipiwa 4.5. Turubai hilohilo ukiliviringisha kwenye bomba la karatasi ngumu lenye urefu wa sentimita 60 na kipenyo cha 8, ni chini ya kilo moja. Viringisha rangi ikiwa nje, weka karatasi laini katikati, na usitume kabla rangi haijakauka sawasawa. Rangi za mafuta zinazotumika kwenye Tingatinga huchelewa kukauka kuliko mchoraji anavyokuahidi. Mteja atatafuta fundi wa fremu kwao.

Kanga, vitenge, nguo: toa hewa, funga kwenye mfuko wa nailoni mgumu. Nguo haihitaji boksi hata siku moja. Viatu vya ngozi vitume bila kasha lake, ndara moja imelala juu ya nyingine, nyayo kwa nyayo. Vitu vya kuvunjika kama vibuyu, hivyo visome mwishoni mwa mwongozo huu, kwa sababu bado vinanisumbua.

Hatua ya 3: Iheshimu Posta

Najua. Kila mtu ana hadithi ya barua iliyopotea. Lakini kwa mzigo mdogo usio na haraka, Posta ina faida ambayo kurieri hawana: vifurushi vidogo hutozwa kwa uzito halisi, si kwa hewa, ilimradi usivuke ukubwa uliowekwa.

Ukubwa huo umepangwa na Umoja wa Posta Duniani, ule ulioanzishwa Bern mwaka 1874, na unafanana karibu kila nchi. Kifurushi kidogo kisizidi kilo 2. Jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 90, na upande wowote usizidi 60. Kwa kitu kilichoviringishwa, urefu jumlisha kipenyo mara mbili usizidi sentimita 104, na urefu peke yake usizidi 90.

Fanya hesabu uone. Kikapu cha 30 kwa 30 kwa 25 jumla yake ni 85, kinapita. Kikiwa na gramu 900, Posta wanakutoza gramu 900. Kurieri angekutoza kilo 4.5. Nilipogundua hili nilikwenda kwa mama anayenisukia nikamwomba apunguze vikapu vya mauzo ya nje hadi mdomo wa sentimita 28. Alicheka, akasema wazungu wamekuwa wadogo. Lakini ndivyo bidhaa inavyotakiwa kuzaliwa: ikijua itasafiri na nani.

Bei ya Posta huenda kwa madaraja ya uzito. Omba jedwali lao kaunta, lipige picha, libandike ukutani unapofungia mzigo. Ukiona umevuka daraja kwa gramu 20, punguza kadi ya shukrani, punguza seloteipu, badilisha mfuko. Seloteipu nene ya kahawia ikizungushwa mara nne ina uzito kuliko unavyodhani.

Chukua rejesta kila mara. Inaongeza gharama kidogo, lakini unapata namba ya kufuatilia mzigo: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi za nchi, kwa Tanzania TZ. Ya rejesta huanza na R, ya EMS, huduma ya haraka ya Posta, huanza na E. Namba hiyo mara nyingi husomeka pia kwenye tovuti ya posta ya nchi anakoishi mpokeaji, na huko ndiko habari huwa mbichi zaidi. Mwonyeshe mteja aifuatilie huko kwao, utapunguza meseji za "dada mzigo wangu uko wapi" kwa nusu.

Kurieri mwachie mambo matatu: mzigo wa thamani kubwa, mzigo wa tarehe, na mzigo mzito wenye umbo dogo. Shanga, kwa mfano. Kilo tatu za shanga zinaingia kwenye boksi la viatu na hakuna hewa ya kulipia. Na ukifikisha mizigo michache kila mwezi kwa kampuni moja, nenda ofisini kwao, si kaunta, ukaombe akaunti ya biashara. Bei ya akaunti na bei ya mpita njia ni vitu viwili tofauti, na hakuna atakayekuambia usipouliza.

Hatua ya 4: Kwa jirani, basi

Kutoka Dar au Arusha kwenda Nairobi, Mombasa au Kampala, huhitaji ndege. Ofisi za vifurushi za mabasi zinafika mahali ambapo kurieri wanapatoza kama ng'ambo. Bei pale hupangwa kwa macho zaidi ya mizani, kwa hiyo umbo lina maana kubwa: kiroba kilichobanwa kinaonekana kidogo kuliko boksi lenye uzito uleule. Usicheke. Nimejaribu nguo zilezile kwa njia zote mbili, wiki moja baada ya nyingine.

Tatizo la basi si nauli, ni mpaka. Kondakta si wakala wa forodha, na akiulizwa mzigo ni wa nani atasema hajui. Mzigo usio na karatasi unabaki Namanga, wewe unalipa simu, mtu wa kwenda kuugomboa, na siku tatu za mteja aliyenuna. Basi weka karatasi hizi kwenye mfuko wa nailoni uliobandikwa nje: ankara yenye bei halisi, nakala ya kitambulisho chako, jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, na simu zenu wote wawili.

Kisha kuna jambo ambalo wafanyabiashara wadogo wengi hawalitumii. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara mpakani kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Kama bidhaa imetengenezwa ndani ya nchi wanachama na imo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani, na hulipi ushuru wa forodha wa kuingiza. Orodha hubandikwa ofisi za forodha mpakani. Iombe, ipige picha. Vituo vya pamoja kama Namanga, Holili na Taveta, Sirari na Isebania, Mutukula, Rusumo, na Kabanga na Kobero vinakuwezesha kumaliza nchi zote mbili mahali pamoja.

Angalia mitego mitatu. Msamaha huo ni wa ushuru wa forodha. VAT na kodi nyingine za ndani ya nchi unayoingia hazifutwi nao. Vyakula na mimea bado vinahitaji vibali vyake vya afya. Na mzigo uliotoka Guangzhou ukapita Kariakoo hauwi wa Afrika Mashariki kwa sababu umelala Kariakoo wiki mbili. Huo ukivuka mpaka unahesabiwa kama wa nje, na ushuru wa pamoja wa Jumuiya una viwango vya 0, 10, 25 na, tangu 1 Julai 2022, asilimia 35. Kama unauza bidhaa za China kwa mteja wa Kampala, mara nyingi ni rahisi zaidi msambazaji wako akazituma Kampala moja kwa moja kuliko kuzizungusha kupitia kwako.

Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, na wateja wa Kalemie na Uvira ambao zamani tuliwaona wa mbali wako ng'ambo ya ziwa tu kutoka Kigoma. Usitume mzigo wa huko kwa ndege kutoka Dar kama una mtu Kigoma wa kuupakia meli.

Hatua ya 5: Andika karatasi kana kwamba anayezisoma ana haraka na hakupendi

Mzigo mwingi unachelewa na kuongezewa gharama kwa sababu ya mstari mmoja: maelezo ya bidhaa. "Zawadi" si bidhaa. "Vitu vya urembo" si bidhaa. Andika kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, vingapi, kila kimoja bei gani, na nchi kilikotengenezwa. "Vikapu vitatu vya kusukwa kwa mkono, nyasi za milulu, Tanzania." Kwa Posta utajaza fomu ya CN22 ikiwa thamani haizidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha kimataifa), ambayo ni takriban dola 400, zaidi ya hapo ni CN23. Jaza kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa mwandiko unaosomeka. Tangu 2021 posta za dunia zinatakiwa kupeleka taarifa hizi kwa kompyuta kabla mzigo haujafika, kwa hiyo unachokiandika kaunta ndicho afisa wa Frankfurt anachokisoma kabla hajaona boksi.

Jifunze namba ya HS ya bidhaa yako, ile ambayo forodha huitumia kutambua bidhaa na ushuru wake. Ni tarakimu sita zinazotumika dunia nzima, na ukizijua mara moja umemaliza. Vikapu vya kusukwa huanzia 4602, viatu vyenye sehemu ya juu ya ngozi 6403, mapambo ya bei nafuu ya shanga na shaba 7117, kahawa 0901, picha zilizochorwa kwa mkono 9701. Usipoiandika wewe, mtu mwingine ataichagua, na hana sababu ya kukuchagulia yenye ushuru mdogo. Picha ya mkono ikiingia Ulaya haitozwi ushuru wa forodha. Ikisomwa kama pambo la ukutani, mambo yanabadilika.

Kuhusu kupunguza bei kwenye ankara au kuandika kwamba ni zawadi: usifanye. Siongei dini hapa, naongea hesabu. Mzigo ukipotea hulipwi zaidi ya thamani uliyoandika. Na msamaha wa zawadi ni mdogo mno, yuro 45 kwa Umoja wa Ulaya na pauni 39 kwa Uingereza, tena kwa mtu na mtu pasipo malipo. Jina la duka lako liko kwenye boksi na mteja amelipa kwa kadi. Afisa anahitaji dakika moja tu.

Kuna vitu vya kuacha kabisa au kuvitafutia kibali kabla ya kuvipiga picha za kuuza. Ganda la kasa hapana, popote. Viungo, mbegu, kahawa mbichi na vitu vya mimea vinaweza kudaiwa cheti cha afya ya mimea. Hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea: kwa Tanzania ni TPHPA, kwa Kenya ni KEPHIS. Mteja wa Australia akiagiza kinyago, uliza kwanza masharti ya mbao, maana huko huweza kuchomwa moto kwa gharama yenu. Manukato na betri zina sheria zake za ndege, na kaunta watakurudisha.

Hatua ya 6: Amua nani analipa kodi ya kule, na useme mapema

Hasara kubwa kuliko zote si nauli ya kwenda. Ni mzigo kurudi. Mteja anagongewa mlango, anaambiwa alipe VAT na ada ya kampuni kwa kumlipia forodha, anakasirika, anakataa. Mzigo unarudi kwa nauli yako.

Chaguo ni mbili. Kwa DAP, mpokeaji analipa kodi mlangoni. Kwa DDP, unalipa wewe, ukishaiingiza kwenye bei. Muuzaji mdogo mara nyingi atatumia DAP, na haina ubaya mradi mteja ajue kabla hajalipa. Andika kwenye maelezo ya bidhaa na umtumie tena kwenye meseji: nchini kwako utatozwa kodi takriban kiasi hiki. Ujerumani VAT ni asilimia 19, Uingereza 20, Oman na Falme za Kiarabu 5.

Ulaya iliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo tangu 1 Julai 2021. Kama unauza kupitia soko kubwa la mtandaoni, soko hilo hukusanya VAT wakati mteja analipa, kwa mzigo usiozidi yuro 150, kisha hukupa namba ya IOSS, inayoonyesha kwamba VAT imeshakusanywa. Namba hiyo lazima iingie kwenye taarifa za kompyuta za Posta au kurieri. Kuiandika kwa kalamu juu ya boksi hakutoshi, na isipoingia mteja wako atalipa VAT mara mbili kisha akupe nyota moja. Simama kaunta mpaka uone wameichapa. Pia Desemba 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kutoza ushuru wa yuro 3 kwa kila aina ya bidhaa kwenye vifurushi hivyo vidogo kuanzia 1 Julai 2026. Ukichanganya hereni, kikapu na pochi kwenye boksi moja, hesabu ni aina tatu.

Uingereza ni mtindo huohuo kwa mzigo usiozidi pauni 135: VAT inakusanywa wakati wa kuuza. Soko la mtandaoni likikufanyia, vizuri. Ukiuza mwenyewe kwa WhatsApp, sheria inakutaka ujisajili kule, na kwa mizigo mitano kwa mwaka hailipi. Elekeza wateja wa Uingereza kwenye soko.

Marekani ndiyo iliyogeuka ghafla. Kwa miaka mingi mzigo usiozidi dola 800 uliingia bila ushuru, na biashara nyingi za mikono zilijengwa juu ya msamaha huo. Ulisitishwa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikaacha kwa muda kupokea vifurushi vya bidhaa vya huko. Usipokee pesa ya mteja wa Marekani kabla hujauliza kaunta siku hiyohiyo wanapokea nini, nani anakusanya ushuru, na ni kiasi gani. Viwango vimekuwa vikibadilika. Ulichoambiwa mwezi uliopita kisikutie ujasiri.

Hatua ya 7: Kusanyeni hadi kilo 45

Hii ndiyo hatua iliyonibadilishia biashara, na siwezi kuifanya peke yangu.

Mizigo ya ndege ya kawaida, ile inayoshushwa uwanjani badala ya mlangoni, bei yake kwa kilo hushuka ukifika kilo 45, kisha 100, na kuendelea. Ujazo wake pia hugawanywa kwa 6,000 badala ya 5,000, kwa hiyo boksi lilelile la kilo 18 linakuwa 15. Na wakala anaruhusiwa kukutoza kilo 45 hata kama hujafika, ikiwa inakutoka nafuu. Tuseme chini ya 45 ni shilingi 15,000 kwa kilo na kuanzia 45 ni 11,000. Una kilo 38. Kwa bei ya kwanza ni 570,000. Ukilipia 45 kamili ni 495,000, na bado una nafasi ya kilo saba bure. Mawakala wengine hukutajia wenyewe. Wengine hukaa kimya mpaka uulize.

Sisi tuko wanne: vikapu, viatu, shanga na nguo. Kila mtu anaorodhesha vyake kwa namba za HS, tunafanya ankara moja, na anayepokea ni ndugu wa mmoja wetu anayeishi Hamburg. Yeye ndiye mwagizaji kisheria, kwa hiyo analazimika kuwa na namba ya EORI, yaani namba ya mwagizaji kwenye forodha ya Ulaya, analipa VAT, kisha anagawa vifurushi kwa posta ya ndani ya Ujerumani. Nauli ya ndani ya nchi ni ndogo sana ukilinganisha na ya kutoka kwetu. Tunamlipa kwa kila kifurushi, kwa maandishi. Undugu peke yake uliwahi kutufikisha kwenye miezi miwili ya mabegi kwenye korido ya watu.

Kwa mzigo wa jumla namna hii, bidhaa zilizotengenezwa Tanzania zinaingia Ulaya bila ushuru wa forodha, kwa sababu Tanzania imo kwenye mpango wa nchi zenye maendeleo duni unaoruhusu kila kitu isipokuwa silaha. Mzigo usiozidi yuro 6,000 hauhitaji usajili wowote wa msafirishaji: unaandika tamko la uasilia, kwa maneno yaliyopangwa, kwenye ankara yenyewe. Wakala mmoja alitaka kututoza pesa ya cheti. Tulimwonyesha tamko, akanyamaza.

Kuhusu kumpa abiria mzigo akubebee kwenye kilo zake: ukifanya, fungua begi mbele yake, mpe ankara, na akubali kutangaza forodha. Asiyekuomba aone kilichomo usimpe. Na wewe ukipewa lililofungwa, liache hapo hapo.

Meli? Kontena la kushiriki huhesabiwa kwa CBM, yaani mita ya ujazo, na huanzia moja. Gharama za bandari ya kule humeza nafuu yote ya mtu mwenye vikapu ishirini. Liache mpaka upate duka linalonunua kwa jumla.

Hatua ya 8: Anwani

Fupi: kurieri hawapeleki sanduku la posta. Omba jina la mtaa, namba ya nyumba, msimbo wa posta, na simu yenye namba ya nchi. Kwa Muscat na Dubai simu ndiyo anwani, dereva atapiga. Mwombe mteja aiandike mwenyewe, uinakili, usiisikilize kwenye ujumbe wa sauti.

Hatua ya 9: Daftari

Kwa kila mzigo andika: nchi, njia, uzito halisi, uzito uliolipiwa, nauli, siku ulizochukua, na kama kulikuwa na gharama ya pili. Gawa uzito uliolipiwa kwa uzito halisi. Ikitoka 1, umefunga vizuri. Ikitoka 3, unatuma hewa. Baada ya mizigo thelathini utaona bidhaa ipi inalea nyingine.

Kwangu daftari lilifichua taa za vibuyu. Zinapigwa picha vizuri kuliko kitu chochote nilicho nacho, zinapata mioyo mingi Instagram, na kila moja ilikuwa inatoka na 9 kwenye ile hesabu, maana kibuyu ni hewa iliyozungukwa na ganda, hakikunjiki, hakipachikani, na kinataka nafasi kila upande kisipasuke. Nilijaribu kukikata katikati na kukiunganisha kule. Mteja akasema ufa unaonekana taa ikiwaka. Siku hizi kwenye ukurasa wangu taa zina maelezo yao peke yao: zinasubiri mzigo wa kilo 45, tarehe haijulikani, lipa nusu. Ndani ya kila kibuyu naingiza shanga za mwenzangu, zikiwa kwenye vifuko, mpaka shingoni.